Binti wa miaka 7 ana mpira wa kichwani, ni mfupi na ameanza kuota matiti: tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha. Binti yake ana miaka 7 na miezi 4. Akiwa na mwezi mmoja aliugua homa ya uti wa mgongo, kichwa kikaanza kukua kupita kiasi, akiwa na miezi 4 akawekewa shanti (mpira wa kutoa maji kichwani na kuyashusha tumboni) na haijawahi kubadilishwa mpaka leo. Miaka yote amekuwa mfupi kuliko wenzake, ila mwaka huu amerefuka mpaka bibi yake anashangilia. Wiki tatu zilizopita mama akimwogesha akaona titi la kushoto limeanza kuota. Wakaenda maabara, wakapima homoni ya ukuaji, majibu yakaja 0.4 na wakaambiwa mtoto hana homoni kabisa, na sasa kuna mtu anawauzia unga wa kurefusha. Anauliza: maji ya kichwani na urefu vinahusiana? Anunue unga? Na bibi anataka kumwita somo aanze kumfunda mtoto, akubali?

Dada pole sana, na nianze na jibu fupi maana najua umekaa na simu mkononi unasubiri. Ndiyo, maji ya kichwani yanaweza kabisa kugusa urefu wa mtoto, na yanaweza kugusa balehe yake pia, yote mawili yanatokea sehemu moja. Unga usinunue. Kile kipimo cha 0.4 kiweke pembeni kwanza, nitakueleza. La bibi tutafika. Mimi ni daktari wa watoto, kazi yangu ni homoni, na watoto wenye shanti wananiuma kwa kweli kwa sababu wengi wanafika kwangu wamechelewa, miaka nenda rudi kila mtu anaangalia kichwa tu, mpira unafanya kazi, basi mtoto mzima, hakuna aliyemsimamisha ukutani akampima urefu. Wewe umeliona titi likianza tu, na wiki tatu baadaye umeshauliza, umewahi sana.

Twende taratibu. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vya maji, na hayo maji si ugonjwa, kila mtu anayo, mtu mzima anatengeneza kama nusu lita kwa siku na yanazunguka yanarudi kwenye damu. Kwa binti yako ile homa iliacha makovu kwenye njia, maji yakakosa pa kutokea, vyumba vikavimba. Sasa kile chumba cha tatu kiko katikati kabisa ya kichwa, na sakafu yake ndiyo haipothalamasi, yaani ile sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili, usingizi na homoni. Na chini ya hiyo sakafu inaning'inia tezi ya pituitari kwa kikonyo, kama embe linavyoning'inia mtini, ila embe lenyewe ni dogo kama njegere, uzito wake kama nusu gramu hivi. Kanjegere hako ndiko kanakotoa homoni ya ukuaji, na kanazituma tezi zingine zote kazi, ya shingoni, zile za juu ya figo, ovari.

Lakini pituitari haijiamulii. Inasubiri kutumwa na haipothalamasi, na ujumbe wa kuiambia toa homoni ya ukuaji unateremka kwenye vimishipa vya damu vidogo mno vinavyopita kwenye kile kikonyo. Maji yakijaa, sakafu inasukumwa chini, inavutika mpaka inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, kikonyo kinanyongwa, vimishipa vinabanwa, ujumbe unafika nusu au haufiki. Tezi yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa na bado mtoto asirefuke. Kwa binti yako kuna jambo la pili, ile homa yenyewe, maana usaha wa homa ya uti wa mgongo unapenda kukaa chini ya ubongo, na hapo ndipo kikonyo kilipo, na TB ya ubongo nayo hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa kwetu siwezi kukwambia hili limeletwa na maji na hili na maambukizi, vimepita mahali pamoja.

Ukitaka kujua jinsi vilivyo karibu, angalia kazi ya Mbale, Uganda. Kwenye hospitali ya watoto ya CURE pale, Dkt. Benjamin Warf mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianza kutibu watoto wengi bila kuwawekea shanti, anaingia na kamera nyembamba mpaka chumba cha tatu, anatoboa tundu kwenye ile sakafu ili maji yapate njia nyingine, na anaunguza tishu zinazotengeneza maji yapungue. Alifanya hivyo kwa sababu shanti ikiziba na mtoto yuko kijijini mbali na upasuaji, mtoto anakufa. Lile tundu linatobolewa milimita chache tu nyuma ya kikonyo cha pituitari. Ndiyo maana mtoto akitoka kwenye upasuaji wa aina hiyo manesi wanapima mkojo wake, maana kikonyo kikiguswa kidogo tu mtoto anaweza kuanza kukojoa ndoo kwa ndoo na kunywa maji bila kukata kiu.

Haya, na matiti je? Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, homoni ya ukuaji inapungua halafu balehe inawahi, inakuwaje tezi moja ikachoka huku na kukimbia kule? Ni kwamba balehe ina breki. Mtoto anazaliwa na mitambo yote ya balehe ipo tayari, ila ubongo unaishikilia, unaikandamiza miaka yote ya utoto. Mgandamizo wa maji ukiharibu ile breki, mitambo inaamka kabla ya muda wake. Kwa hiyo upande mmoja ni ujumbe usiofika, upande mwingine ni breki iliyolegea. Watafiti wa Oulu, Finland, miaka ya 1990 waliwafuatilia watoto wenye shanti wakawalinganisha na watoto wazima, wakakuta wale wenye shanti kwa wastani ni wafupi, homoni ya ukuaji na IGF-1 (homoni inayotengenezwa kwa amri yake, nitaieleza mbele) ziko chini, na balehe inaanza mapema zaidi. Sisemi kila mtoto mwenye shanti yuko hivyo, wapo wengi wanaorefuka na kubalehe vizuri tu bila dawa yoyote. Nasema ni kundi la kupimwa.

Sasa tuje kwa binti yako mwenyewe, na hapa naomba usome polepole. Umeniandikia urefu kutoka kadi ya kliniki na daftari lako (Mungu akubariki kwa hilo daftari): miaka 5 na miezi 4 alikuwa sentimita 102, mwaka uliofuata 106, sasa 112. Mwaka wa kwanza amerefuka sentimita 4, mwaka huu 6. Mtoto wa umri huu kabla ya balehe anatakiwa kupata sentimita 5 mpaka 6 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ile 4 ilikuwa kengele tayari, na hii 6 mtu yeyote akiiangalia juu juu atasema safi, amepona, bibi ana haki ya kufurahi. Lakini bibi hajui kwamba hii 6 huenda ni ya balehe. Msichana aliye kwenye kasi ya balehe anaweza kufika sentimita 8 kwa mwaka. Kama wa kwako kweli ana balehe ndani ya mwili na bado amepata 6 tu, ndiyo wasiwasi wangu. Balehe inaficha upungufu wa homoni ya ukuaji, mtoto anaonekana anarefuka wakati anatumia urefu wake wa miaka ijayo, maana homoni za balehe zinarefusha na papo hapo zinafunga mifupa. Mifupa ikishafunga, hata umpe nini harefuki tena. Tukiacha, anaweza kuwa wa kawaida darasa la tatu halafu mfupi kuliko wote darasa la saba.

Hakikisha kwanza kama kweli ni titi. Mtoto mnene anaweza kuwa na mafuta kifuani yakaonekana kama titi, na watoto wenye upungufu wa homoni ya ukuaji mara nyingi wana kitambi kidogo na uso wa kitoto. Mlaze chali, weka vidole viwili pande zote za chuchu, sogeza taratibu. Mafuta ni laini kote kote. Titi linaloota utalikuta kama kitufe kigumu, ukubwa wa harage, kiko chini ya chuchu kabisa na mwenyewe atasema kinauma ukikibana. Kuanza upande mmoja ni kawaida, lisikutishe. Kwa msichana tunasema ni mapema ikianza kabla ya miaka 8, kwa mvulana kabla ya 9, na kwa mvulana angalieni korodani kukua, msisubiri ndevu.

Ile 0.4. Dada, homoni ya ukuaji haikai kwenye damu kama sukari ikae unaipima saa yoyote. Inatoka kwa vishindo, na vishindo vikubwa ni usiku, mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Mchana, kati ya kishindo na kishindo, mtoto mzima kabisa mwenye urefu wake anaweza kuonyesha karibu na sifuri. Kwa hiyo 0.4 ya saa 5 asubuhi haisemi ana homoni wala hana, mmelipa bure na inaniuma maana najua hela imetoka wapi. Kinachoweza kupimwa saa yoyote ni IGF-1, hiyo inatengenezwa zaidi na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji na inakaa imetulia kutwa, ila nayo inashuka kwa utapiamlo, kwa ini bovu, kwa tezi ya shingo iliyochoka, ndiyo maana haisomwi peke yake. Kipimo chenyewe hasa ni cha kuamsha, mtoto analala njaa, anawekewa mpira wa damu mkononi, anapewa dawa inayoilazimisha pituitari kutoa homoni (klonidini, ajinini au glukagoni), halafu damu inachukuliwa kila nusu saa kwa masaa mawili au zaidi. Kinafanywa hospitali kubwa, mtoto akiwa chini ya macho ya watu wanaojua, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinashusha presha au sukari.

Na unga. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiila, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage, haifiki popote. Ndiyo maana duniani kote inatolewa kwa sindano ya chini ya ngozi, kwa hiyo yeyote anayekuuzia homoni ya ukuaji ya unga, vidonge au matone, hakuuzii homoni ya ukuaji. Na zile chupa zinazozunguka kwenye majimu ya kunyanyua vyuma msiziguse, dawa hii inatakiwa kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 na hujui imekaa kwenye begi la nani.

Sasa cha kufanya, na mpangilio wake una maana kubwa, msiruke.

Cha kwanza ni shanti, kabla ya homoni yoyote. Iliwekwa ana miezi 4 na haijaguswa miaka 7. Shanti haizibi siku zote kwa kishindo cha kutapika na degedege, inaweza kuziba kidogo kidogo, mtoto anazoea, na dalili pekee zikawa hizi hizi, anapunguza kasi ya kurefuka, balehe inawahi, darasani anashuka, asubuhi kichwa kinamuuma kisha kinapoa akishatembea tembea. Muulize mwalimu, usiniulize mimi. Kuna jambo watu wanalisahau: ule mpira unashuka mpaka tumboni na wakati unawekwa mtoto alikuwa na sentimita sitini na kitu, sasa ana 112, anaweza kuwa ameuzidi. Eksirei ya kichwa, shingo, kifua na tumbo itaonyesha mpira unaishia wapi na kama umekatika. Nendeni kliniki ya upasuaji wa ubongo mlipoanzia, au ombeni rufaa ya MOI (taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo) pale Muhimbili, mwambieni daktari wazi kwamba mtoto ameanza balehe na mnataka shanti iangaliwe, na CT au MRI. Nikipata nafasi ya kuchagua nachagua MRI, kwa sababu inaonyesha kikonyo na pituitari yenyewe, na pia inaondoa wasiwasi wa uvimbe, maana upo uvimbe wa eneo hilo unaoweza kuleta maji, ufupi na kuharibu homoni kwa mpigo.

Pili, kotizoli (homoni ya tezi za juu ya figo inayoushikilia mwili wakati wa ugonjwa), ipimwe saa 2 asubuhi. Hapa nakazia. Ufupi hauui mtu. Upungufu wa kotizoli unaua. Pituitari ikishindwa kuzituma tezi za juu ya figo, mtoto anaweza kuonekana mzima siku zote, halafu siku amepata malaria au ameharisha anaishiwa nguvu ghafla, sukari inashuka, presha inashuka, na nyumbani mnasema ni malaria kali. Kama anaamka asubuhi amelegea jasho jembamba mpaka anywe chai ya sukari, hilo usilingoje miadi, nenda kesho. Na kama kuna upasuaji wowote wa shanti unapangwa, kotizoli ijulikane kabla, daktari wa usingizi aambiwe.

Kisha tezi ya shingo, na mwombe daktari apime FT4 (homoni ya tezi yenyewe) pamoja na TSH (amri ya pituitari kwa tezi hiyo). Maabara nyingi zinapima TSH tu, ikiwa ya kawaida wanasema tezi nzima. Kwa tatizo la shingoni hiyo ni sawa, ila TSH inatoka pituitari, sasa kama pituitari ndiyo mgonjwa unamuuliza mshukiwa kama ana kosa. TSH inaweza kusoma vizuri kabisa na FT4 iko chini. Na ikikutwa chini, dawa ya tezi isianzwe kabla kotizoli haijajulikana, maana inaweza kumwangusha mtoto ambaye kotizoli yake ni ndogo.

Wakati huo huo wapige eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na vidole. Hiyo inasoma umri wa mifupa, ni eksirei rahisi kuliko vyote nilivyotaja na inapatikana hata hospitali ya wilaya, na kwa binti yako ndiyo itakayoniambia kama nina muda au sina. Mifupa ikisoma miaka 7, tunapumua. Ikisoma 10, tunakimbia. Waongeze LH (homoni ya pituitari inayoziamsha ovari) na ultrasaundi ya kizazi na ovari.

Ikithibitika ni balehe ya kweli, ipo sindano ya kuirudisha breki, ya kila mwezi au kila miezi mitatu, leuprorelini au triptorelini. Hizi ni zile zile wanazochomwa wazee wenye saratani ya tezi dume, kwa hiyo mara nyingi famasia za hospitali zinazotibu saratani wanazijua hata kama kliniki ya watoto haina, daktari wako aulizie huko. Wiki za mwanzo anaweza hata kutoka damu kidogo, usitishike, baadaye inatulia. Balehe ikishatulia atapunguza kasi ya kurefuka, na hapo ndipo ukweli wa homoni ya ukuaji unaonekana. Akishuka tena kwenye 4 au chini, na IGF-1 iko chini, na kipimo cha kuamsha kikathibitisha upungufu, hapo ndipo tunazungumza sindano za homoni ya ukuaji.

Sitakudanganya kuhusu hizo. Kwa kawaida ni kila usiku kwa miaka, zinataka friji ya uhakika, na bei yake ni mzigo mzito kwa familia nyingi hapa. Zamani, mpaka 1985, ilikuwa inakamuliwa kwenye pituitari za maiti na kuna watoto walipata ugonjwa wa ubongo wa kuua kutokana nayo. Ya sasa inatengenezwa maabara, haina hatari hiyo. Ila kwa mtoto mwenye shanti kuna tahadhari yake, inaweza kuongeza presha ya maji kichwani, kwa hiyo akilalamika kichwa, kutapika au kuona ukungu akiwa kwenye sindano, anasimamishwa na shanti inaangaliwa siku hiyo hiyo. Na akirefuka haraka ule mpira wa tumboni unazidi kuvutika, eksirei inarudiwa. Kwa wewe na baba yake, 160 na 172, hesabu ya familia inampeleka karibu sentimita 159 au 160 ukubwani. Kama tutamfikisha 150 bila sindano za kila usiku, kwa kuiweka shanti sawa na kuishika balehe tu, mimi binafsi nitaona tumefanya kazi nzuri sana, na ninyi mtaamua kama mnataka zaidi ya hapo.

(Wanaosoma hapa wenye watoto wa mgongo wazi pamoja na kichwa kikubwa: urefu wa kusimama unadanganya kwenu, kwa sababu miguu na mgongo vyenyewe vina shida. Pimeni mikono ikiwa imetandazwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na mwambieni daktari awe anaandika hiyo.)

Wakati unasubiri rufaa, mpime kila miezi mitatu, isiwe kila wiki utajichanganya. Ukuta ulionyooka, sakafu ya saruji si zulia, viatu nje, misuko ya juu ifumuliwe, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yaangalie mbele, kitabu kigumu kichwani kikigusa ukuta sawasawa, chora mstari kwa penseli na tarehe, ndipo upime na futikamba kutoka sakafuni. Asubuhi kila mara, jioni mtu anapungua kama sentimita moja. Upande wenye vali ya shanti usikandamize kitabu.

Na bibi. Mwambie kwa heshima zake zote kwamba bado. Anaona titi anaona mwali, nyumbani kwenu ndivyo mlivyolelewa na sina neno na somo. Lakini huyu mwili umetangulia mwenyewe hajafika, kichwani ni mtoto wa darasa la pili anayelilia kuchezea kombolela. Akifundwa mambo ya kikubwa sasa atatishika bure. Mfundishe wewe mwenyewe matatu tu kwa lugha yake: kwamba kifua kinaota mapema kwa sababu ya ugonjwa wake wa kichwa na hajafanya kosa lolote, kwamba akiona damu kwenye chupi akuambie wewe au mwalimu wa kike mtakayemchagua, na kwamba hakuna mtu wa kumshika kifua, si mjomba, si mtoto wa jirani, hata kwa utani. Hilo la tatu mrudie mara nyingi, maana watu watamwona mkubwa kuliko umri wake.

Eksirei ya mkono ikitoka, niandikie umri wa mifupa uliosomwa na tarehe iliyopigwa.